Kichupa Kwenye Mfongo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kliniki ya sukari, Moshi mjini. Sukari 9. Nesi Ummy kanipa daftari hili. Eti kila siku niandike tarehe, sukari, dawa kiasi gani, nimechoma wapi. Mistari minne tu, mzee wangu. Mimi mistari minne hainitoshi. Niliishia darasa la tatu, lakini la tatu la zamani! Nikishika kalamu, naandika.

Habari yenyewe ni hii. Miaka miwili sasa mke wangu Valeria ndiye ananichoma insulini, asubuhi na jioni. Akichoma mimi natazama ukuta. Sasa binti yetu Joyness, aliyeolewa Tarakea, ana mimba. Ya kwanza. Amekaa miaka minane bila mtoto. Wameombewa, wametibiwa, wamesemwa. Mwezi huu anajifungua, na mama wa mume wake Rodney alishafariki. Hakuna wa kumpokea mtoto, hakuna wa kumpikia mzazi mtori, ila Valeria. Amefuma kofia tatu. Ya njano, ya kijani, na nyingine ya njano kwa sababu uzi wa njano ulibaki.

Kwa hiyo lazima nijue kujichoma. Valeria kasema hatoki nyumbani mpaka aone kwa macho yake.

Kwani kazi! Mimi Kalisti nilikuwa mkono wa kulia wa bwana mifugo miaka kumi na tisa. Nimechoma ng'ombe wa Kibosho nzima. Fahali wa paroko alikuwa ananikubali mimi peke yangu. Nikamwambia nesi hivyo, kwa sauti, ili na benchi lisikie.

Nesi Ummy akaleta chungwa la mazoezi. Nikalipiga ngumi tatu. Ndivyo tunavyofanya kwenye shingo ya ng'ombe, apumbae, asiisikie sindano. Ya nne nikachoma. Sindano ikapinda kama ndoana, maji ya chungwa yakamrukia nesi kwenye hijabu. Akaniuliza kama chungwa lilikuwa limekataa kufungwa kamba. Benchi zima likacheka. Hata mgonjwa wa magongo.

Akafundisha upya. Nawa mikono. Kichupa kizungushe katikati ya viganja, usikitikise kama togwa. Vuta dawa mpaka mstari wako, toa mapovu. Finya ngozi ya tumbo, mbali na kitovu, vidole vinne. Dawa iingie chini ya ngozi tu, si kwenye nyama. Hesabu mpaka kumi ndipo uchomoe. Leo kushoto, kesho kulia, usirudie tundu. Sindano iliyotumika itupe kwenye dumu gumu lenye mfuniko. Halafu ule.

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa namtazama Wenseslaus, jirani yangu wa ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji ya mashamba, kakaa benchi la mwisho na kofia yake mapajani. Kaja kunipeleleza! Kanisalimu eti Baba Joyness, kumbe na wewe umo humu. Nikamjibu mimi nimemsindikiza mke wangu.

Niandike kitu kimoja, maana daftari halina wa kumsimulia. Ng'ombe nimewachoma wengi, kweli. Lakini sindano alikuwa anaisikia ng'ombe.

Jumanne, 5 Agosti

Asubuhi sukari 8. Valeria kakaa kwenye kigoda mbele yangu kama mkaguzi wa shule. Nikanawa. Nikazungusha kichupa. Nikavuta dawa vizuri sana, mpaka mstari wa ishirini. Nikafinya tumbo. Mkono ukagoma. Si kwamba niliogopa. Mkono tu.

Nikamwambia mwanamume wa miaka sabini na nne hawezi kupandisha shati huku anatazamwa. Asimame mlangoni, atazame nje. Akacheka, akasema miaka arobaini na sita nimelitazama hilo tumbo, leo ndiyo limeota haya? Lakini akageuka.

Nikachoma godoro.

Iliingia vizuri, sindano haikupinda. Nikasema tayari! Na haiumi hata kidogo! Hilo la mwisho lilikuwa kweli.

Jioni tena godoro. Mashine ya sukari nilishika mimi, Valeria bila miwani haoni. Ilisema 17. Nikamsomea nane. Akakaa kitandani, pale pale palipolowa kidogo, akaanza kukunja kanga za safari. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu Joyness apoteze ile mimba ya kwanza ya miezi miwili, ambayo hatuihesabu.

Kesho nitachoma kweli. Leo ilikuwa kulizoesha tumbo.

Jumatano, 6 Agosti

Sukari 18. Godoro tena. Valeria kaondoka saa nne.

Kabla ya kuondoka akanionyesha chungu cha dawa. Ni chungu cha udongo, ndani mchanga mbichi, ndani ya mchanga kopo dogo, ndani ya kopo kichupa. Umeme wetu unakatika ovyo, kwa hiyo friji ya paroko hatuiombi tena. Kila asubuhi bakuli moja la maji kwenye mchanga, Baba Joyness, usisahau, dawa ikipata joto inakufa. Nikasema wewe nenda tu.

Bajaji ikawa inangoja barabarani. Amefika kwenye mlango wa ua wetu wa isale, amerudi. Kaweka mzigo chini. Kasema hajawahi kunisifu kwa mdomo, lakini leo ananisifu. Alidhani nitamkwamisha. Alikuwa amelia kwa siri wiki nzima akidhani Joyness atajifungua peke yake kwa ajili ya ugonjwa wangu. Kumbe mzee ninajiweza.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Bajaji ikapiga honi.

Jioni nikabaki na kichupa, na tumbo, na hakuna wa kudanganya. Nikalipiga paja ngumi tatu, nikafumba macho, nikachoma. Imeingia! Siafu anauma zaidi. Nikachomoa haraka, sikuhesabu, dawa nyingine ikatiririka mpaka kwenye soksi. Lakini imeingia! Nimejipongeza kwa ndizi mbivu. Mbili.

Alhamisi, 7 Agosti

Sukari 14. Inashuka. Nimechoma tundu lile lile la jana. Nimeshalipata tundu, kwa nini nitoboe jingine? Nesi Ummy ni mtoto wa mjini, hajui kuweka akiba.

Nimefikiri kuhusu chungu. Kumwagilia mchanga kila asubuhi kama bustani ya watawa! Na chungu kiko karibu na jiko, moshi unakizunguka. Nikatoka nje, nikainama kwenye mfongo unaopita chini ya migomba yangu, nikatia mkono. Baridi mpaka kwenye mfupa! Maji yametoka kwenye barafu asubuhi hii hii. Wengine wana friji ya mlango mmoja. Mimi nina mlima mzima.

Nimetia kichupa kwenye kopo, nimefunga mfuniko, nimelifunga kopo kwa kamba ya mgomba kwenye mzizi wa mringaringa, ndani ya maji. Kazi safi. Mfongo huu naujua kuliko mtu yeyote. Nilikuwa mwenyekiti wake miaka kumi na mmoja, nagawa zamu za maji, mpaka Wenseslaus aliponiangusha kwa kura tatu, moja ya shemeji yangu. Lakini nimemlipa! Kwenye mkutano wa Julai nilisimama nikapinga zamu yake ya Jumatano. Nikasema haki itendeke, ahamishiwe Ijumaa. Nilipiga hesabu: Ijumaa ya pili ya Agosti ni Nane Nane. Wenzake wanakwenda kwenye sherehe, yeye yuko kwenye tope na jembe. Wakakubali. Wenseslaus akasema sawa tu, Mzee Kalisti. Bila kununa! Hicho ndicho kilichoniudhi.

Valeria kapiga simu. Amefika salama, Joyness tumbo limeshuka. Nimemwambia sukari 8.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sukari 12. Mimi ni daktari kamili. Nimejichoma, nimerudisha kopo kwenye mfongo, nimekaa juani kunywa chai, nikimfikiria Wenseslaus na jembe lake.

Saa nne nikasikia maji.

Wanapofungulia bwawa la juu, maji hayaji kama maji. Yanakuja kama ng'ombe waliovunja zizi. Nilisimama na kikombe. Nikakumbuka ni Ijumaa. Nikakumbuka zamu ni ya nani. Nikakumbuka nani alimhamisha. Nilipofika kwenye mringaringa, kamba ipo. Fundo langu halikufunguka, hilo niliandike. Ila kopo halikuwepo.

Nimekimbia kando ya mfongo na fimbo. Mama mmoja wa kule chini alipiga kelele kwamba naiba maji siku ya zamu ya mtu. Nimefika mpaka wa shamba la Wenseslaus, nikamwona kule katikati ya migomba, maji mpaka kwenye vifundo, anayagawa taratibu kwa jembe, anapiga mluzi. Ningeita tu. Hatua thelathini. Nimegeuka, nimerudi nyumbani.

Saa kumi na moja kaja mwenyewe. Kashika kichupa changu. Kopo limepasuka, kichupa kimejaa tope, kimeshinda juani kwenye jiwe. Akauliza, Baba Joyness, hii insulini ni yako?

Nikamwambia insulini? Mimi? Ananiona mimi ni chura, niweke vitu vyangu kwenye mfongo?

Akasema haya, basi nikimwona mwenye nayo nimwambie dawa hii asiitumie tena, imepigwa jua. Ashuke mjini leo hii apate nyingine, maana mtu wa sindano haruki hata siku moja. Hakucheka. Akasema tena, leo hii, meku, mzee mwenzangu. Halafu akaondoka na dawa yangu.

Sijachoma jioni. Simu ya Valeria: nimesema nane.

Jumamosi, 9 Agosti

Sukari asubuhi 19. Jioni 24.

Mjini ni karibu. Nikitoka saa mbili, saa tano nimesharudi. Lakini Nesi Ummy ataniuliza kichupa kiko wapi, na pale benchi huwa halikosi watu. Duka la dawa la barabarani muuzaji ni mpwa wa Wenseslaus. Nimeamua kusubiri kliniki ya Jumatatu. Nitasema kimeanguka. Kwa sasa najitibu kwa akili: sili kitu, nakunywa majani machungu niliyochemsha. Kama sukari ni tamu, uchungu utaikuta humo ndani watapambana.

Nina kiu. Nimekunywa ndoo. Nakwenda chooni, narudi, nakunywa.

Valeria kapiga saa saba mchana. Joyness mgongo unamuuma, amemkanda, ameanza kumpikia. Kamjaribishia tumbo lake kofia ya njano, wamecheka. Akaniuliza sukari. Nikasema saba. Nikamsikia anageuka kumwambia Joyness, baba yako anajiweza! Na Joyness kule nyuma akapiga kigelegele, mzaha tu, cha mtu aliyechoka.

Nilikata simu, nikasema ni mtandao.

Jumapili, 10 Agosti

Mashine imekataa namba. Imeandika herufi mbili. Nimeipiga kofi, imeandika zile zile.

Sijaenda misa. Nimetapika. Tumbo linauma. Ng'ombe analia, sijamkatia majani. Macho yana ukungu, sioni mstari.

Nilishika simu. Jina la Valeria likatokea pale. Sikubonyeza. Nikimwambia atarudi. Asiporudi nitakuwa nimemwambia bure. Bora kesho kliniki. Kesho ni karibu.

Jumatano, 13 Agosti

Naandikia wodini. Mkono una plasta na mpira wa dripu, kwa hiyo nikikosea ni mpira.

Jumatatu sikufika kliniki. Nilitoka na panga nimkatie ng'ombe majani. Nakumbuka migomba ilikuwa inakwenda yenyewe. Wenseslaus ndiye aliyenikuta. Alisema ng'ombe alikuwa amelia siku mbili, na ng'ombe wa Kalisti halii. Akaruka mfongo, akanikuta nimelala kando ya maji mdomo umekauka. Ana miaka sabini na mmoja, ana goti bovu. Amenibeba mgongoni mpaka kwenye pikapu ya Isack wa duka la pembejeo, wakanileta mjini. Wanasema njiani nilikuwa namwambia Wenseslaus arudishe kiti cha mwenyekiti. Sikumbuki, lakini naamini.

Nesi Ummy alikuja wodini. Nilitegemea anipigie kelele. Kakaa tu kitandani pangu, akafungua daftari hili, nililokuwa nimelitia mfukoni kwa ajili ya kliniki, akasoma. Lote! Mpaka godoro. Akalifunga. Akasema, mzee wangu, zile herufi mbili maana yake sukari imepita pale mashine inapojua kuhesabu. Kidogo tu, na sisi tusingekuhesabu. Halafu akasema babu, kuogopa si dhambi. Watu wazima wengi wanaogopa kujichoma. Wanasema, tunawasaidia, wanazoea. Wasiosema ndio tunaowapokea kwa machela.

Nilitazama ukuta.

Sasa niandike lile ambalo sitaki kuliandika.

Wenseslaus alimpigia Valeria Jumatatu saa tatu. Angefanyaje? Nilikuwa nimelala kama gogo. Joyness alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri. Valeria alikuwa amemshika mikono yote miwili. Rodney kasema mama alisikiliza simu mpaka mwisho. Halafu akamwomba mwenye nyumba wao, Mama Eliona, amshike Joyness, akavua kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni kwa ajili ya kumpokea mtoto, akatoka. Joyness alikuwa anaita mama. Valeria hakunisimulia hilo. Rodney ndiye kanisimulia, na hakunisimulia kwa ubaya. Ningefurahi angenisimulia kwa ubaya.

Valeria alifika hapa saa tisa. Nilikuwa nimeanza kufumbua macho. Kasimama kando ya kitanda na mkoba begani, kanga ya safari. Simu ikaita ndani ya mkoba. Akaitoa. Mimi nilisikia kutoka pale nilipolala: sauti kali, ndogo, kama paka amefungiwa kabatini. Mtoto wa kike. Mzima. Kilo tatu na robo. Valeria alisikiliza mpaka mtoto akanyamaza. Akasema asante, asante Mama Eliona, umenifanyia kazi yangu. Akairudisha simu kwenye mkoba, akafunga zipu.

Miaka minane. Kofia tatu. Na wa kwanza kumshika ni mwenye nyumba.

Hakunigombeza. Alisema kitu kimoja tu, jana, wakati ananimenyea parachichi. Baba Joyness, ungeniambia tu unaogopa. Ningemleta Joyness ajifungulie Moshi. Ningekuja na yeye hapa hapa, wewe huku, yeye kule, ningekimbia katikati yenu.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hata mara moja. Nilifikiria godoro, nikafikiria chungu, nikafikiria mfongo na mlima mzima. Njia ya kumwambia sikuifikiria.

Na jambo jingine. Wenseslaus anajichoma insulini. Miaka kumi na mmoja sasa. Mwenyewe, asubuhi na jioni, tumboni, kushoto na kulia. Nesi ndiye alinitajia, akidhani najua, maana tumekaa benchi moja. Siku ile hakuja kunipeleleza. Alikuja kuchukua dawa yake. Na kile kichupa alikijua kabla hajakiokota.

Nimejuta. Naandika hapa ili iwepo: nimejuta sana.

Ijumaa, 15 Agosti

Nyumbani. Sukari 10. Kachoma Valeria, tumbo upande wa kulia. Nilitazama ukuta.

Joyness kapiga simu ya picha. Mtoto ana nywele nyingi, amevaa kofia ya kijani, inamfika puani. Hana jina. Joyness kasema jina atalitoa bibi yake akimshika mkononi, si vinginevyo, Rodney amekubali. Kwa sasa wanamwita Mgeni. Valeria alikuwa anagusa kioo cha simu kwa kidole, picha inakuwa kubwa, inakuwa ndogo, anaomba msamaha kwa simu.

Joyness hana wa kumpikia. Mama Eliona ana duka, anapita asubuhi tu. Rodney anachemsha mtori, lakini anasema unatoka kama gundi.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa na ng'ombe. Nilimwahidi Mungu kwamba kuanzia leo nitasema kweli, kwa kila mtu, hata kwa Wenseslaus.

Jumapili, 17 Agosti

Sukari 9. Kachoma Valeria, kushoto.

Baada ya misa Wenseslaus kaja. Kaleta ndizi ng'ombe mkungu mzima. Nilimpokea vizuri. Nilimpa kiti chenye mgongo. Nilimshukuru kwa kunibeba, nikamwambia nimekonda siku hizi, kwa hiyo haikuwa kazi kubwa.

Akasema amekuja na neno. Amezungumza na Nesi Ummy kwa simu. Nesi kasema mimi nisiachwe nijichome peke yangu kwa sasa, lakini si lazima awe Mama Joyness. Mtu yeyote anayejua, wa kunitazama tu, mpaka mkono uzoee. Basi yeye Wenseslaus anajichoma saa moja asubuhi na saa moja jioni. Niwe navuka mfongo. Tunakaa barazani kwake, kila mtu na kichupa chake. Mkono ukitetemeka atanisubiri. Wa kwake ulitetemeka miezi minne, eti mke wake alikuwa anamwimbia. Mama Joyness aende Tarakea kesho hata miezi mitatu, arudi atukute tumenenepa.

Valeria alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Niliona amevaa viatu. Ndani ya nyumba! Na nyuma yake, juu ya kitanda, ule mfuko wa Tarakea, umejaa, kofia mbili za njano juu kabisa. Kumbe walikuwa wamezungumza. Wote walikuwa wananingoja mimi.

Ilitakiwa neno moja. Nalijua. Ni fupi.

Nikaona picha yenyewe. Mimi Kalisti, mwenyekiti wa miaka kumi na mmoja, nimepandisha shati kwenye baraza la Wenseslaus, mkono unatetemeka, yeye anasubiri. Labda ananiimbia. Na watu wanapita barabarani kwenda kwenye mfongo wake.

Nikamwambia Wenseslaus asante sana kwa wazo. Lakini mimi kujichoma siogopi, niliteleza tu. Kilichonilaza wodini ni zamu za maji kupangwa vibaya, na hilo nitalisimamia kwenye mkutano wa Septemba. Kuhusu Tarakea, Mama Joyness mwenyewe amechoka na safari, anataka kupumzika. Nikamgeukia, nikamuuliza si ndiyo, mama?

Valeria alitazama sahani. Akasema ndiyo.

Wenseslaus akavaa kofia yake. Kafika kwenye migomba akasimama, akasema meku, saa moja, siku yoyote, kiti kipo. Nikamwambia asalimie nyumbani.

Mchana nimelala. Nilipoamka mfuko haupo kitandani, kanga zimerudi kabatini. Kofia ameziweka kwenye kopo la majani ya chai, lenye mfuniko, zisiliwe na nondo. Jioni kanichoma, hakuimba. Mkono wake ni mwepesi kuliko mashine. Nikaona machozi yanamtoka huku anahesabu mpaka kumi.

Nami si mtu wa mawe. Nimemshika bega. Nimemwambia asihuzunike, Tarakea haiendi popote, na mtoto akijua kutembea atakuja mwenyewe hapa kuchukua jina lake.

Nadhani nimemfariji.